Tano Inaponya

Nchelenge, 12 Februari 1978

Mdogo wangu mpendwa Fabien,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, ila shemeji yako Chisenga anakohoa tangu mvua zianze na hataki dawa, anasema kikohozi kitachoka chenyewe. Na ninyi huko Pweto mnaendeleaje? Shule imefunguliwa? Unakula, au bado unakunywa chai tu na kusema umeshiba?

Juu ya bahasha nimeandika Citoyen Kapembwa, yaani Raia Kapembwa, kama ulivyonionya, kwa kuwa huko kwenu majina ya ubatizo hayatakiwi tena. Lakini ndani ya bahasha wewe ni Fabien niliyekubeba mgongoni mimi yaya, dada yako mkubwa, na hapa ndani hakuna serikali.

Umeniuliza kwa nini nimekihama kitabu kikubwa. Basi sikiliza. Daktari Ineke alipotoka Ulaya na ile michezo yake miwili ya kusimulia hadithi mezani, kila mmoja na mtu wake wa kubuni, mimi nilikuwa wa kwanza kuupenda huo wa kitabu kikubwa. Unakumbuka nilivyokaa mwezi mzima katika chumba cha kushonea cha hospitali, Mwansa wa chumba cha dawa ananisomea Kiingereza, mimi naandika kwa Kiswahili, ili na wewe ucheze na walimu wenzako. Nilipenda vile kila kitu kina namba yake: nguvu za mtu, uzito wa mkuki, idadi ya walinzi mlangoni. Mimi ni mshonaji, vipimo navipenda.

Lakini Jumapili moja mtu wangu wa mchezo, yule mama mganga niliyemlea miezi miwili, aliingia mlango wa kwanza tu, jiwe likamwangukia. Dadu zikasema amekufa. Nikamwangalia daktari, maana siku hiyo ndiye aliyekuwa msimuliaji. Nikasema, daktari, huyu ni mama wa watu. Akainua mabega: kitabu kimesema. Rosaria, tunayecheza naye, alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nililala na huzuni kama nimefiwa kweli.

Mchezo wa pili una kurasa nane tu. Hauna ramani wala orodha ya silaha. Mtu wako ana jina, ana kazi anayoiweza, na ana kitu anachokiogopa, basi. Ukikwama unajieleza, unabembeleza, na msimuliaji akiridhika unapita. Mimi mdomo ninao, wewe unajua. Huo ndio mchezo wangu sasa.

Barua hii anaileta Hippolyte pamoja na mzigo wake wa samaki wakavu. Mpe maji ya kunywa, usimwache mlangoni.

Yaya wako,
Emilienne


Pweto, 5 Machi 1978

Yaya mpendwa,

Nimepokea barua yako mikononi mwa Hippolyte, na nimempa maji na mihogo pia, usinitukane. Afya yangu ni nzuri. Mwambie shemeji anywe dawa, kikohozi hakichoki, mwenye kifua ndiye huchoka.

Yaya, kuhusu mchezo umepotea njia, na mimi mdogo wako nakurudisha. Unasema kwenye kurasa zako nane msimuliaji akiridhika unapita. Na asiporidhika? Na akiamka vibaya siku hiyo? Juma lililopita nilikwenda kuwaona wazazi wa mwanafunzi wangu upande wa pili wa mji. Njiani kuna kizuizi cha askari. Mwalimu mwenzangu alitangulia, akaonyesha karatasi yake, akapita. Mimi nikaonyesha karatasi ileile, muhuri uleule. Askari akaniambia: "Weye, sura yako haitanifurahisha leo. Kaa chini." Nilikaa chini mpaka jua likazunguka. Yaya, mimi mchana kutwa naishi ndani ya mchezo wako wa kubembeleza. Jumamosi nikikaa mezani nataka mchezo ambao hata msimuliaji mwenyewe amefungwa na sheria.

Dadu haina hasira. Dadu haiulizi kabila. Mtu wangu Sampa, yule mwindaji, ameanguka mara tatu tangu tuanze. Kila mara nilichukua ukurasa wako, ule ulioandika kwa wino wa kijani, na nikaurudia kwa moyo kabla ya kurusha dadu mbili na kuzijumlisha: mbili, tatu, nne, amekufa, kuanzia tano na kuendelea, ameponyoka na jeraha. Mara ya kwanza ilikuja sita. Mara ya pili tano. Mara ya tatu tano tena! Wenzangu walipiga meza. Tano inaponya, ndivyo tunavyosalimiana sasa shuleni. Ningejua kwamba kuna mtu anaweza kuigeuza ile namba kwa sababu ya kunihurumia, au kwa sababu ya kunichukia, nisingecheza tena hata siku moja.

Mdogo wako,
Fabien


Nchelenge, 1 Aprili 1978

Fabien mdogo wangu,

Salamu za baada ya Pasaka. Tuko salama, kifua cha shemeji yako kimepata nafuu, anasema ni maombi na mimi nasema ni dawa niliyomtilia kwenye uji.

Barua yako imenikaa moyoni. Sikujua habari za kizuizi. Mwanaume mzima unakalishwa chini kwenye vumbi na hukuniambia mpaka tubishane habari za mchezo! Na kuna jambo nataka kukuambia kuhusu ule ukurasa wa wino wa kijani. Si la barua. Ukija likizo nitakuambia uso kwa uso, na wewe utanikasirikia, tutakula, yataisha.

Sasa ombi. Daktari Ineke anataka turudie kitabu kikubwa kwa miezi michache, na amechoka kutunga. Nimemwambia ndugu yangu ni bingwa wa kuchora. Tuchoree ngome, Fabien, kwenye karatasi ya miraba ya shuleni kwako, yenye vyumba, walinzi, milango, na njia ya siri ya kuingilia. Mpe Hippolyte atuletee.

Yaya wako,
Emilienne


Nchelenge, 4 Juni 1978

Fabien,

Uko wapi? Uko mzima? Nijibu hilo kwanza.

Miezi miwili sijaona mwandiko wako. Redio imetuambia habari za vita vya Kolwezi, na hapa watu wanasema askari wamejazwa kila mahali kando ya ziwa, upande wenu. Hippolyte naye hajarudi. Mke wake anakuja kila asubuhi kwenye chumba cha kushonea, anasimama mlangoni, anatazama njia. Jana Olipa, muuza samaki, alitoka Mununga akasema boti zote zinazotoka Pweto zinafunguliwa mizigo, hata samaki wanapasuliwa matumbo.

Naogopa, mdogo wangu. Nashona mashuka ya hospitali na sindano inanichoma kwa sababu macho yangu yako ziwani. Nimekumbuka kwamba ni mimi niliyekuomba ile ngome. Kama umeshaichora na bado iko kwako, ichome leo hii, na majivu uyamwage. Kama ulishampa Hippolyte, Mungu atusaidie.

Namtuma mvuvi wa Kilwa, kile kisiwa cha humu ziwani kwetu, na barua hii, anasema ana njia yake.

Yaya wako


Pweto, 19 Juni 1978

Kwa Madame Emilienne, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini wewe na familia yako mko katika afya njema. Mimi pia niko katika afya njema.

Barua hii inasomwa kabla ya kufungwa, na yako itasomwa kabla ya kunifikia. Kapiteni wa kituo cha askari ameniruhusu niandike na anakusalimu.

Nakueleza yaliyotokea. Nilikuchorea ngome kama ulivyoomba. Niliiweka kando ya ziwa, pale maji yanapotoka kuwa mto. Nilitia walinzi kumi na wawili, milango miwili, saa za kubadilishana zamu, na njia ya siri inayotokea kwenye matete. Yaya, mimi sijawahi kuona ziwa lingine. Mkono wangu ulipochora ziwa ulichora hili. Na pale maji yanapotoka kuwa mto, ndipo kilipo kituo cha askari cha hapa kwetu. Naapa sikukifikiria. Hippolyte alipopekuliwa bandarini, ramani ilikuwa ndani ya gunia la samaki. Walikuja kunitoa darasani, wanafunzi wakiangalia.

Nimeeleza kwamba ni mchezo. Kapiteni akasema: "Kama ni muchezo, tucheze." Waliniletea dadu zangu na karatasi zangu. Akachagua mtu wake, askari mzee, akampa jina la babu yake. Tulicheza ofisini kwake mchana mzima, na mlinzi wake amesimama nyuma ya kiti changu. Kwenye mlango wa pili askari mzee alianguka. Nikamwambia kapiteni arushe. Akarusha, ikaja sita. Nikamwambia: sita anaponyoka na jeraha.

Hakufurahi. Akasema: "Weye unaniogopa. Mutu wangu alikufa, na weye umemufufua kwa sababu ya bunduki. Muchezo ya namna hii haina sheria. Kama haina sheria, haiko muchezo. Na kama haiko muchezo, zile namba za walinzi ni namba za nini?"

Nilimwapia kwamba sheria ipo, na kwamba kitabu chenyewe kiko Nchelenge. Anakitaka, hicho chenyewe na si nakala. Hippolyte ameachiwa akilete. Kapiteni ametoa majuma mawili, kisha jambo langu litakwenda mbele ya wakubwa wake.

Mimi siogopi sana, kwa sababu najua kitabu kitasema kama nilivyosema. Sheria ndiyo itakayonitoa humu. Fanya haraka.

Mdogo wako,
Citoyen Kapembwa


Nchelenge, 24 Juni 1978

Fabien mdogo wangu, na wewe kapiteni unayesoma kabla yake,

Nawasalimu wote wawili. Siulizi habari za afya kwa sababu naogopa jibu.

Hippolyte amefika juzi, amekonda. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa chini sakafuni katikati ya vitambaa. Rosaria alidhani nimeletewa msiba.

Kitabu hiki hapa. Daktari Ineke amekitoa mwenyewe. Lakini kabla hamjakifungua ninalo la kusema, na nalisema sasa kwa kuwa mtaliona wenyewe. Ukurasa wa arobaini na moja, jedwali la wanaoanguka. Namba hazihitaji Kiingereza. Kitabu kinasema: mbili mpaka saba, amekufa. Kuanzia nane, ameponyoka.

Sita ni kifo. Tano ni kifo. Fabien, Sampa wako amekufa mara tatu.

Ni mimi. Siku ile Mwansa alisoma, "Mbili mpaka saba," na mimi nikasimamisha kalamu. Nilihesabu kwa vidole, nikaona kwamba anayeanguka hufa mara nyingi kuliko anavyopona. Nikakuona wewe, peke yako upande ule wa maji. Nikamkumbuka kaka yetu Evariste, aliyetoka nyumbani mwaka sitini na nne kutafuta chumvi, na mpaka leo mama anamwekea sahani. Kapiteni, mimi nilishindwa kuandika kifo cha mdogo wangu hata kwenye mchezo. Pale penye saba niliandika nne. Mwansa hakuona. Nikasema moyoni, nani atajua? Kitabu kiko ng'ambo hii, yeye yuko ile.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia mlangoni kwenu.

Jana tumekaa hapa watu wanne kutafuta la kufanya. Mwansa alitaka tuigeuze saba ya kitabuni kwa wino. Nikamwambia kiraka nakijua mimi, hata kikishonwa vizuri kidole hukiona. Rosaria alitaka tuseme kitabu kimeungua. Nilikubali. Nilikubali kabisa, nikaandika barua hiyo, nikaichana. Kisha nikaandika nyingine nikaichana pia. Sijui kama ninakuokoa au ninakuua. Katika mchezo wangu wa kurasa nane mtu hujieleza na msimuliaji huridhika, ndiyo maana niliupenda. Sasa najieleza kweli, na sijui kama huko kuna wa kuridhika.

Kapiteni, mdogo wangu hakukuponya kwa kukuogopa. Alisoma sheria aliyopewa na dada yake. Sheria ilikuwa na uongo, yeye hakuwa nao. Kama kuna wa kukalishwa chini, ni mimi. Nitavuka nikiitwa.

Fabien, nisamehe.

Yaya wako,
Emilienne


Mununga, 9 Julai 1978

Yaya,

Niko Mununga. Niko upande wako wa ziwa. Nimekuwekea hilo juu kabisa ili usisome ukiwa na hofu. Nina homa, miguu imevimba, nimelala kwa Mwila mshona nyavu, na mke wake ananilisha uji kama mtoto mchanga. Hippolyte yuko hapa pia, mwambie mke wake leo hii kabla ya kufanya jambo lingine. Barua hii inakuja na lori la samaki, mimi nitafuata nikiweza kusimama.

Nakueleza ilivyokuwa. Kapiteni alifungua barua yako mbele yangu, akaisoma yote kwa macho. Kisha akafungua kitabu, akatafuta ukurasa, akashuka na kidole mpaka kwenye saba. Akanigeuzia kitabu nione.

Akaniuliza: "Mu kitabu, mi nilikufa?"

Nikasema ndiyo, kapiteni, ulikufa. Nilijua kwamba ndiyo siku yangu. Nilisikia mlinzi akihamisha bunduki nyuma ya kiti. Kapiteni akanipa barua yako, akasema: "Soma. Kwa sauti."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nilipofika pale unaposema Sampa amekufa mara tatu, sijui nikuambieje, Yaya, nilisahau kuogopa. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata. Nikaitupa barua mezani. Nikaanza kukulaani mbele yake: mwaka mzima! Mwaka mzima ananidanganya! Zile tano zote ni bure! Wenzangu walipiga meza bure! Nikamwambia kapiteni, mimi nilijisifu kwa watu kwamba mchezo huu hauna upendeleo, kumbe dada yangu amekaa ndani yake tangu siku ya kwanza kama fuko shambani. Nililia, Yaya. Si kwa ajili ya maisha yangu. Nilimlilia Sampa, nikipiga meza ya kapiteni kwa ngumi.

Nilizinduka. Kapiteni alikuwa ananitazama mdomo wazi. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia, na mlinzi akacheka kwa kuwa mkubwa anacheka. Akasema: "Huyu haiko mutu wa vita. Mutu wa vita hawezi kulilia karatasi wakati iko karibu kuuawa. Huyu ni mutu wa muchezo, na ni wazimu."

Kisha akaacha kucheka. Akachukua penseli yangu, akaandika msalaba kwenye jina la askari mzee, lile jina la babu yake, polepole. "Aliyekufa, amekufa," akasema. Kitabu amebaki nacho, mwombe daktari radhi. Ramani aliichoma kwenye kisahani cha majivu. Halafu akainama karibu na sikio langu: "Kesho kutwa mukubwa wangu anafika. Ule haizoee kucheka. Weye usikuwe hapa."

Sikurudi nyumbani hata kuchukua viatu. Hippolyte alikuwa na boti ya kuazima. Tuliondoka adhuhuri, watu wote wakiona, kwa sababu anayeondoka adhuhuri anaonekana hana kosa. Tulikuwa hatujafika mbali askari wa bandarini akapiga filimbi. Akapiga tena. Akatupungia mkono turudi. Hippolyte akaniuliza kwa macho, nikamwambia piga kasia. Sikugeuka nyuma. Mgongo wangu wote ulikuwa unasubiri risasi, na mpaka sasa ninapokuandikia bado unasubiri, mke wa Mwila akiangusha kifuniko cha sufuria najikuta nimelala chini sakafuni.

Na sasa hili, maana najua utaniuliza. Bado napenda kitabu kikubwa kuliko kurasa zako nane, na bado nimekukasirikia, usidhani homa imenilainisha. Tukionana nitakusema mpaka shemeji atoke nje. Sheria ni sheria. Lakini pale majini, filimbi inalia nyuma yangu, nilikuwa nimefumba macho narusha dadu moyoni. Kitabu nilikuwa nimekiona kwa macho yangu, ukurasa wa arobaini na moja, nilijua kwamba tano ni kifo.

Na mimi, Yaya, nilikuwa naomba tano, ile ya wino wako wa kijani.

Mdogo wako,
Fabien